Video za Idi kutoka Kasongo

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 22 Aprili 2024

Kwako yaya wangu Rachida, dada yangu mkubwa wa tumbo moja,

Assalam aleikum. Amani iwe kwako, kwa shemeji Idriss na kwa mwanangu Zabibu unayenilelea. Sisi hapa tumefunga salama na tumekula Idi salama. Mvua zinakwisha, asubuhi kuna kibaridi, na Mama ameanza tena kuvaa soksi mbili mbili na kulalamika kwamba nyumba yangu haina joto. Presha yake imeshuka. Macho ndiyo hayana habari njema. Daktari anasema ukungu umekomaa kwenye jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Vitu vikubwa vyenye mwanga anaviona, vidogo vinampotea.

Kadi ya memori imefika. Yule mfanyabiashara uliyempa aliniletea mpaka kwenye cherehani yangu, ikiwa imekunjwa ndani ya barua kama dawa ya unga. Nimeitia kwenye simu, nimetazama video zako zote za Idi. Nimeona ua wako, masinia ya pilau, na Zabibu akipita na birika. Amenenepa kidogo, na kitambaa amekifunga kama mtu mzima. Nilifurahi. Lakini nilipomwekea Mama simu mbele ya uso, aliniambia anaona wadudu wanatembea. Akalia. Anataka kumwona Zabibu hata mara moja kabla giza halijamfunga.

Nimepata njia. Clément, mpangaji wa kile chumba cha uani, ana televisheni kubwa na ile mashine ambayo vijana wanachezea mpira kwa vidole. Aliwahi kuniambia kwamba inaonyesha hata video za simu, mradi uzihamishe kwanza kwenye flashi. Ila yeye anafanya kazi mgodini Kinsevere, anakaa huko zamu nzima kabla ya kurudi, na sasa chumba chake kimefungwa. Tutamngoja.

Sasa neno lenyewe. Nimekwenda Kasapa, chuo kikuu, kuulizia habari za kumwandikisha Zabibu kwa mwaka ujao. Diploma yake ya sekondari inakubalika. Kitanda nimekwisha kumpangia, kando ya Mama. Lakini yaya, kila nikipiga simu unaniambia ametoka, au amelala. Mara moja nilipompata, alinijibu kama mtu anayejibu polisi. Kuna nini? Mwambie aniandikie kwa mkono wake.

Tena, lile gauni nililokushonea mwezi wa kwanza sikuliona kwenye video. Halikukutosha?

Mdogo wako,
Mawazo


Kasongo, tarehe 19 Mei 2024

Mdogo wangu Mawazo,

Wa aleikum salam. Barua yako nimeipokea nikiwa shambani. Huku tunamshukuru Mungu. Mpunga umekubali mwaka huu. Kuku wangu wamekufa kwa ugonjwa, amebaki jogoo mmoja asiye na kazi. Mgongo unamsumbua Idriss, kuinama hawezi, lakini kula anakula. Mpe Mama pole nyingi kwa macho yake, mwambie kila swala ninamwombea.

Mambo ya mashine ya mpangaji nakushauri uyaache. Zile video si kitu, watu wanakula tu na watoto wanapiga kelele. Kumhangaisha mtu aliyetoka kazini kwa ajili ya video za pilau si adabu. Tena wewe mjane, leo uonekane unaingia chumba cha mpangaji, kesho watu watasema nini? Msimulie Mama kwa mdomo, inatosha. Nikipata nafasi nitapiga nyingine nzuri zaidi. Hizo zifute, zitakujazia simu bure.

Zabibu ni mzima. Ni mwanamke sasa, ana shughuli zake. Habari za Kasapa tuziache kwanza. Masomo yana wakati wake, na Lubumbashi si karibu. Usimsukume mtoto.

Gauni lilinikaa vizuri sana. Nililivaa kwenye ile shughuli ya jirani niliyokuambia, watu wakaniuliza fundi ni nani. Siku ya Idi nililipumzisha.

Mtandao wa huku umekuwa mbaya, usishangae simu ikikatika.

Dada yako,
Rachida


Lubumbashi, tarehe 23 Juni 2024

Yaya Rachida,

Assalam aleikum. Shemeji Idriss apewe pole ya mgongo, nawe pole kwa kuku. Idi ya kuchinja tumeila kimya kimya. Baridi imekaza, chuma cha cherehani asubuhi hakishikiki, na wateja ni wengi kwa sababu ya harusi za kiangazi. Mama anakusalimu.

Uliniambia nizifute zile video. Sikuzifuta.

Clément aliporudi kutoka Kinsevere nilimpelekea simu. Usihofu maneno ya watu. Alitoa televisheni na mashine yake akavileta sebuleni kwetu, mlango wazi, Mama yupo kwenye kiti chake. Alizihamisha video kwenye flashi, akaichomeka. Mashine haikuona kitu. Akasema haitaki video zilizotupwa wazi, inataka ziwe ndani ya folda. Akaziweka kwenye folda. Safari hii sauti zilitoka lakini kioo kilibaki cheusi. Tukakaa tunaisikiliza Idi yenu bila kuiona. Sahani zinagongana, wewe unaita watu waje kunawa, Zabibu anacheka. Mama aliposikia kicheko kile alinishika mkono. Clément akaeleza kwamba simu yako mpya inapiga video kwa namna ambayo mashine yake haijui kuisoma. Akaleta kompyuta, akaanza kuzigeuza moja moja, umeme ukakatika katikati ya kazi. Alimaliza kesho yake baada ya alasiri.

Yaya, ungekuwepo. Ua wako ulijaa sebule yetu. Mama alisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa kioo, akawa anataja kila anachokiona, sinia lile, ushungi ule mwekundu, na huyu si Zabibu? Ile video ambayo unazunguka ndani ya nyumba ukionyesha makochi mapya, aliitaka irudiwe. Ndipo akauliza, "Ile kintu nyeupe kwa ukuta iko nini?"

Nilimjibu kwamba ni kalenda. Kwenye simu niliiona kama kalenda, mwanga mdogo tu kama punje ya mchele. Clément akasema, "Hapana, mama, ile iko foto ya ndoa." Akaisimamisha video, na picha ikatulia mbele yetu.

Wewe unaipita kila siku, huhitaji kuelezwa. Lakini nitakuambia nilichokiona mimi. Nilimwona binti yangu ndani ya nguo nyeupe ya harusi ambayo sikuishona. Bega la kushoto limevutwa vibaya, fundi alikuwa na haraka. Kando yake yuko kijana nisiyemjua. Upande wa kijana ameketi mama mmoja mwenye miwani. Upande wa Zabibu, kwenye kiti kama kile kile, umeketi wewe. Na umevaa gauni langu, Rachida. Lile uliloniomba kwa shughuli ya jirani, ukanitumia vipimo, ukaniambia nitie shanga kifuani na nisichelewe. Vidole viliniuma wiki nzima kwa zile shanga.

Mama aliniuliza tena kuna nini. Nikamwambia kwamba Zabibu amependeza. Clément alizima televisheni bila kuambiwa, akasema ana nguo za kufua, akatoka.

Ninakuuliza jambo moja, unijibu hata kwa neno moja. Zabibu ameolewa?

Mdogo wako,
Mawazo


Lubumbashi, tarehe 28 Julai 2024

Yaya,

Salamu. Mama ni mzima, mimi pia.

Barua yangu najua imefika, kwa sababu aliyeibeba amerudi na kuniambia alikukabidhi mkononi nawe ukamkaribisha chai.

Nimepiga simu, hupokei. Ijumaa alipokea shemeji Idriss. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya Mama. Nikamwuliza habari za harusi. Akasema, "Hayo umwulize dada yako. Mimi niliambiwa umeridhia."

Niliridhia lini? Nilimwambia nani?

Jana Mama alinyoosha mkono pale ilipokuwa televisheni, akasema, "Mutoto aliolewa, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Basi mimi niliyeijua harusi ya binti yangu kwenye ukuta wa watu ndiye niliyemtangazia bibi yake. Aliomba maji ya kutawadha, na haukuwa wakati wa swala.

Niandikie.

Mawazo


Kasongo, tarehe 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Wa aleikum salam. Usiuhesabu ukimya wangu kuwa dharau. Niliugua homa, kisha Idriss akalazwa kwa mgongo, na pia sikujua nianzie wapi. Sasa tumerudi nyumbani.

Ndiyo, ameolewa. Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Mume wake anaitwa Ramazani, anauza vipuri vya pikipiki, hanywi, anaswali. Aliyemwozesha ni baba yake mdogo, ndugu wa marehemu mume wako, kwa hiyo sheria imetimia. Usije ukasema mtoto aliibwa.

Watu wa Ramazani ni watu wa kuchunguza. Walipokuja kuposa, mama yake aliuliza mama wa binti yuko wapi. Ningesema nini? Kwamba ni mjane anayeishi bila mwanaume wa ukoo kwenye mji wa migodi, na uani kwake kuna mpangaji? Wangeinuka pale pale. Nikasema mama ni mimi. Na sikusema uongo, Mawazo. Kwa lugha yetu mimi ni mama yake mkubwa. Ni lile neno la mwisho tu ambalo sikulitamka.

Nilikusudia kukuambia harusi ikipita. Ikaja Ramadhani, ikaja Idi, ukaanza na habari zako za Kasapa. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake.

Na wewe ujiulize. Ulimleta kwangu ana miaka minne, mume wako amezikwa juzi, ukasema utamchukua ukipata pa kukaa. Ulipata pa kukaa. Ulipata cherehani. Ukasema barabara ni mbaya, ukasema ngoja amalize shule. Nani alikuwa naye alipougua surua? Nani alimwona siku alipokuwa msichana mkubwa, akamfundisha kujitunza? Mungu hakunipa wangu. Hapa Kasongo wanawake wenzangu wanaozesha binti zao, mimi ninabeba masufuria. Siku ile nilitaka nami niketi. Ilikuwa siku moja tu. Walinifungulia mlango kwa vigelegele, wakanishika mikono, wakaniita mama wa bibi-harusi. Hujui ilivyo, kwa sababu wewe una wa kwako.

Zile video nilizipiga bila kufikiri. Picha ile nimeizoea mpaka siioni.

Zabibu ana raha kwa mume wake. Usimpelekee maneno ya kumvuruga. Wakwe zake wakijua, utakuwa umemvunjia nyumba yeye, si mimi.

Dada yako,
Rachida


Lubumbashi, tarehe 10 Novemba 2024

Kwa Rachida,

Assalam aleikum. Mvua zimerudi, na kuta za Kamalondo zimeanza kulowa chini kama kila mwaka. Mama amepasuliwa jicho la kulia, Mungu ameleta heri, anatambua rangi na anamkemea kila mtu aliyevaa vibaya. Shemeji Idriss nimesikia anatembea kwa fimbo. Mpe pole yangu, yeye sina neno naye.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila barua niliyoianza ilitoka na matusi, nikaichana. Sasa yametokea mengine, na afadhali uyasikie kwangu.

Zabibu alikuja. Ramazani alikuwa na safari ya kununua vipuri, akamleta, wakafikia kwa ndugu zake upande wa Karavia. Walikuja kwangu Jumapili mchana. Nilikuwa ninapiga pasi nguo ya mteja. Niliinua kichwa nikamwona mlangoni, mrefu kuliko mimi, mjamzito. Nilitaka kumkimbilia. Akasema, "Nimekuja kumusalimia bibi tu." Akanipita.

Alimpigia Mama magoti. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa lile jicho lake jipya mpaka akaridhika. Kisha akamwuliza mbona hamsalimii mama yake. Zabibu alijibu bila kunitazama. "Yeye alikuwa na manguo za batu za kushona. Hakukuwa na nafasi ya harusi yangu."

Nilimwuliza nani kamwambia hivyo. Akasema ni wewe. Ulimwambia kwamba nilipewa habari tangu mwezi wa kwanza, nikajibu nina kazi nyingi, uketi wewe mahali pangu. Na alipokataa kuamini ulimtolea gauni. Ulimwambia, tazama, amenishonea mwenyewe, amenituma nilivae kwa niaba yake. Alijua mkono wangu kwenye zile shanga. Akaamini. Ndiyo maana nilipopiga simu alinijibu vile. Miezi yote ile mtoto wangu alijua kwamba nilimkataa siku ya harusi yake.

Hilo hukuliandika, Rachida. Uliandika surua, uliandika wakwe, uliandika wanawake waliokushika mikono. Ulikuwa na karatasi nzima, na hilo hukuliandika.

Nilimwambia Zabibu kwamba sikujua. Kwamba niliiona harusi yake kwenye televisheni ya mpangaji, imening'inia ukutani nyuma ya makochi yako. Alinitazama kama mtu anayesikiliza mfanyabiashara. Mama akasema, "Ni kweli. Tuliona pamoja." Hapo akaketi chini, kwenye vipande vya vitambaa vyangu, na ule uzito wake wote, akalia. Nami niliketi. Alinishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika zamani nikimpeleka kulala.

Ramazani alikuwa mlangoni amesikia yote. Ni kijana wa maneno machache. Aliuliza jambo moja tu. "Sasa mama mukwe wangu ni nani?" Zabibu akaninyooshea mkono. Ramazani akatoa simu kumpigia mama yake. Nilimzuia. Nilikumbuka ulivyoniandikia kuhusu kuvunja nyumba, nikamwambia haifai, tuache. Akasema hataki mtoto wake azaliwe katikati ya jambo la kuficha. Akampigia mbele yetu, akamweleza kila kitu, kisha akanipa simu. Nikawasikia kuku wa yule mama. Halafu akasema, "Basi ni wewe niliyepaswa kuketi nawe." Akaniuliza hali ya Mama, akaniuliza kama Zabibu anakula. Hakuna nyumba iliyovunjika. Yeye anakuwazia nini, mimi sijui. Unaishi naye Kasongo, utajua.

Umeniuliza nani alikuwa naye alipougua surua. Ni wewe. Sijawahi kulikana hilo, na nilikuwa nikiwaambia wateja wangu kwamba nina dada aliyenilelea. Ungeniandikia, Mawazo, niachie kile kiti, wewe kaa nyuma yangu, pengine ningekaa nyuma yako. Ningelia njia nzima kutoka Lubumbashi, lakini ningekaa. Hukuniomba. Unasema uliwaogopa wakwe. Clément aliisimamisha ile picha mbele yangu, nikauona uso wako ukiwa mkubwa kama dirisha. Haukuwa uso wa mtu mwenye hofu. Sijakuona na furaha namna ile tangu tulipokuwa wasichana.

Sijakusamehe. Mama anataka nikusamehe, nami ninamwambia ndiyo ili ale chakula chake, lakini moyoni hakuna kinachosogea. Nisipokuita yaya kwenye barua hii, si kusahau.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Zabibu anatarajia kujifungua mwezi wa pili, inshallah. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mzazi, na yeye amesema atazalia hapa, akae nasi siku zake arobaini. Ramazani amekubali, na mama yake amekubali. Zabibu hakuweza kukuambia. Anaogopa sauti yako itamfanya abadilishe nia, na pia anakuhurumia, hilo nalo ulijue.

Kwa hiyo ninakuambia mimi. Barua hii nimempa mtu atakayeifikisha mkononi mwako, na nitampigia shemeji Idriss anihakikishie kwamba umeisoma. Siku ya akika ya mtoto uwepo ukitaka kuwepo. Utapata pa kulala na utapata chakula. Pengine sitakukumbatia mlangoni. Lakini ninakuita, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kungali mapema na una muda wa kufunga safari, ili asitokee mtu hata mmoja wa kukuambia kwamba Mawazo alipata mjukuu na hakutaka uje.

Mawazo